Taa za baiskeli za kuchaji zenye alama ya K: vipindi viwili vya baridi Münster, baada ya kupigwa faini

Nazipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwasababu ya kimpira cha kufungia taa ya nyuma, ntafika huko. Ila kwa yeyote anaekuja Ujerumani kwa kazi ya uuguzi au kusoma, akapata baiskeli ya mtumba na kuanza kukatiza nayo mjini, nasema nunua taa za namna hii kabla hujanunua hata koti la pili. Mi nilianza na koti.

Seti yenyewe ni taa mbili, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, zinachajiwa kwa waya uleule wa simu na zinabanduka kwenye baiskeli ukishafika unakoenda. Nimenunua yuro 45 kwenye duka la kawaida la baiskeli, fundi akazifunga palepale na hakunidai hela ya kufunga. Jina la kampuni siliandiki kwasababu taa za aina hii wanatengeneza wengi na zinafanana, cha kuangalia ni kibali kilichochapwa kwenye taa, ndo hiyo alama ya K, na ukali wa mwanga, hivyo ndo vitakusaidia dukani kuliko jina.

Mi ni wa Tanga. Wanaoijua Tanga wanajua baiskeli kwetu ni miguu tu, mji tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka, wamama wanaenda nayo sokoni, watoto wanaenda nayo madrasa wamepakizana wawili mmoja kwenye keria mmoja kwenye bomba, na hakuna anaeshangaa kuona mwanamke na baibui lake anapiga pedeli. Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli, nimekua nikimshikia spana. Taa nilizozijua ni zile za dainamo, kile kichupa kinachosugua tairi, na wateja wengi walikuwa wanamwambia mjomba aing'oe kwasababu inafanya baiskeli iwe nzito. Wanabaki na ile taa ya mbele kama pambo. Usiku tunaendesha kwa mwanga wa taa za maduka na mbalamwezi, na kengele, na sauti. Jua kwetu linazama karibu muda uleule mwaka mzima, magharibi ikiadhiniwa kila mtu anajua giza limeingia, hakuna msimu wa kukushtukiza.

Sasa Münster nayo ni mji wa baiskeli kwelikweli, wenyeji wanasema baiskeli ni nyingi kuliko watu na ukisimama stesheni unawaamini, pale chini kuna maegesho ya baiskeli yenye nafasi 3,300. Wana hadi jina lao la baiskeli ambalo Wajerumani wa sehemu nyingine hawalitumii, wanaita Leeze. Kuna njia inaitwa Promenade inauzunguka mji wa zamani, kama kilomita nne na nusu, miti mikubwa huku na huku, gari haliingii. Nilivyofika mwezi wa nane nikajisikia nimerudi nyumbani. Nikanunua baiskeli ya mtumba yuro 80 kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama, breki nzima, kengele ipo, madigadi zipo, taa hamna. Nikasema taa ntanunua baadae.

Ile baadae ikaja haraka. Mwisho wa mwezi wa kumi wanarudisha saa nyuma na ghafla jioni inakuwa usiku. Mwezi wa kumi na mbili huku jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na robo, yani alasiri watu wa kwetu wanapoanza kutoka kupunga upepo huku ni giza tupu. Na mi zamu yangu kwenye nyumba ya wazee inaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, natoka nyumbani saa kumi na moja na dakika ishirini. Naenda gizani narudi gizani.

Nikaagiza taa mtandaoni, yuro 7 na kutuma juu. Ilikuwa ya mbele peke yake, inapepesa tu, pah pah pah, haina kuwaka moja kwa moja. Nyuma nikasema ile rifrekta nyekundu inatosha. Wiki ya pili ya Novemba, jioni, natoka kazini nimechoka, polisi wawili wa baiskeli wamesimama kwenye kona wanawapanga watu pembeni mmojammoja. Tulikuwa kama sita pale. Wazungu wanne, kijana mmoja Mwarabu, na mimi. Naitaja hiyo hesabu kwa makusudi kwasababu kuna watu wakisikia umepigwa faini huku kitu cha kwanza wanasema ni rangi yako. Siku ile haikuwa rangi. Ilikuwa taa. Wote sita tuliandikiwa.

Polisi mama wa makamo akanisalimia vizuri, akaminya breki zote mbili, akapiga kengele, akaigeuza ile taa yangu akamulika chini yake kwa tochi anatafuta kitu. Akaniuliza kwa upole, "Alama iko wapi?" Mi sikujua alama gani. Akanionesha kwenye baiskeli yake mwenyewe, chini ya taa, kuna kimchoro cha mawimbi halafu herufi K halafu namba. Akasema taa isiyo na hiyo haihesabiki barabarani, na taa ya kupepesa kwenye baiskeli hairuhusiwi kwasababu dereva hawezi kukadiria uko umbali gani, na nyuma huna kitu kabisa. Yuro 20.

Yuro 20 ni zaidi ya elfu hamsini ya kwetu. Nilivyomwambia mama kwenye simu akanyamaza kwanza, halafu akauliza, "Mwanangu, baiskeli nayo ina faini?" Ina, mama.

Na hapa nataka niwaeleze wenzangu hizi faini zinaendaje maana nimeshasikia habari nyingi za uongo, mara ukipigwa faini viza haitaongezwa, mara wanakupeleka mahakamani. Hapana. Kwa makosa madogo polisi anakupa karatasi ya onyo lenye hela. Ukikubali na kulipa ndani ya wiki, imeisha, hakuna cha zaidi. Onyo la namna hiyo linaishia yuro 55. Ukipuuza au ukikataa, inageuka kesi ya faini kamili, inakuja kwa barua, na wanaongeza 25 za kuandaa na 3.50 za kuituma, kwahiyo yuro 20 yako inakuwa 48.50. Ukiona wamekuonea una wiki mbili tangu upokee barua kuandika pingamizi, na hiyo ni haki yako, andika kama una ushahidi. Mi sikuwa na cha kupinga, nililipa kesho yake.

Taa mbovu au hamna taa ni 20, ikiwa umehatarisha mtu 25, ikitokea ajali 35. Kukosa kengele 15. Kwenda kinyume kwenye barabara ya upande mmoja 20, na kupita njia ya baiskeli upande usio wako 20, hii ya pili inawakamata sana wageni kwasababu kwetu unapita upande wenye kivuli. Simu mkononi huku unaendesha 55. Kupanda kwenye njia ya watembea kwa miguu 55, zamani ilikuwa kidogo sana, wakaipandisha Novemba 2021 walipobadilisha orodha ya faini, na siku hiyohiyo wakapandisha pia ya gari linaloegeshwa kwenye njia ya baiskeli ikafika 55. Mtoto chini ya miaka minane yeye anatakiwa apite njia ya watembea kwa miguu, mpaka miaka kumi anaruhusiwa, na mzazi anaemsindikiza mtoto wa chini ya minane anaweza kupita nae. Kuachia usukani mikono yote miwili ni yuro 5.

Kubwa ni mataa. Kaka mmoja wa Kakamega tuko nae darasani, alipita taa nyekundu saa kumi na moja alfajiri hakuna gari hata moja, polisi walikuwa wamekaa ng'ambo. Faini 60, na ikishafika 60 sio onyo tena, ile 28.50 inaingia yenyewe, jumla akalipa 88.50. Na pointi moja. Hii pointi inaandikwa Flensburg, mji wa kaskazini kabisa mpakani na Denmark ambako wanatunza rekodi za makosa ya barabarani ya nchi nzima, na inaandikwa hata kama huna leseni ya gari. Inakaa miaka miwili na nusu. Kama taa ilikuwa nyekundu zaidi ya sekunde moja inapanda mpaka 100, pointi ileile moja. Yeye aliponea kwenye ile ya 60.

Nyie mnaosomea uuguzi msidharau hiyo pointi. Kazi za kuwatembelea wagonjwa majumbani nyingi wanataka leseni, na leseni yetu ya Tanzania inatumika huku miezi sita tu tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani wa kuandika na wa kuendesha upya. Hutaki kuanza safari hiyo na jina lako liko Flensburg kwa ajili ya baiskeli. Na pombe ndo usiseme, ukikutwa na kiwango cha 1.6 kwa kila elfu kwenye damu juu ya baiskeli hiyo ni jinai, wanakupeleka kupimwa akili na tabia kama unafaa kuendesha chombo, na leseni ya gari inaweza kwenda pamoja na baiskeli.

Jumapili moja tulikutana kwa dada mmoja wa Mombasa kula pilau, tukawa tunaongea habari ya ile faini ya kaka wa Kakamega. Mjadala ukawa mkali. Kaka mwenyewe anasema, "Sasa barabara tupu, mimi namuumiza nani?" Mdogo wetu wa Bukavu akasema huku wanatafuta pesa tu, wenye magari makubwa wanaachwa. Dada mwenye nyumba akasema, "Wallahi mimi naogopa baiskeli kuliko gari, gari nalisikia."

Nilimuunga mkono dada, na nina sababu yangu. Kwenye nyumba yetu ya wazee kuna bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa anaishi peke yake anajipikia anaenda kanisani mwenyewe. Jioni moja ya Novemba anatembea kwenye njia ya watembea kwa miguu, akapigwa na baiskeli isiyo na taa. Nyonga ikavunjika. Aliyemgonga alikuwa kijana tu anawahi, alisimama, aliita gari la wagonjwa, alilia. Lakini bibi hakurudi nyumbani kwake tena. Mi ndo namuinua kitandani asubuhi, namvalisha soksi, na kila nikimgeuza upande ule anauma meno. Mtu akiniambia faini ya baiskeli ni uonevu namuwaza yeye. Baiskeli yenye mtu wa kilo sabini inayoteremka kwa kasi sio kitu cha mchezo kwa mfupa wa bibi.

Halafu sio kweli kwamba wenye magari wanaachwa. Gari likipita nyekundu ni 90 na pointi moja, likizidisha sekunde moja ni 200, pointi mbili na mwezi mzima bila kuendesha. Simu kwenye gari ni 100 na pointi, sisi 55. Yani mwenye baiskeli anatozwa chini kwasababu madhara yake ni madogo, lakini hatozwi sifuri, na mi naona hapo wamepima vizuri. Tangu 2020 gari linalokupita mjini linatakiwa likuachie mita moja na nusu, nje ya mji mbili. Ukitaka dereva akuheshimu kwa mita moja na nusu na wewe mheshimu bibi kwenye njia yake.

Kinachoniuma mimi ni kitu kingine. Ile taa ya yuro 7. Baada ya faini nilirudi kwenye ukurasa wa duka lile la mtandaoni nikasoma mpaka chini kabisa, na huko chini, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba haijaruhusiwa kwa barabara za Ujerumani. Juu wameweka picha ya baiskeli iko mjini usiku. Wanamuuzia mtu anaeishi Ujerumani, wanaituma Ujerumani, kwa Kijerumani, halafu faini inakuja kwangu. Mgeni ambaye ana miezi mitatu na Kijerumani chake kinaishia kwenye majina ya dawa na sehemu za mwili atalionaje hilo? Mi ningekuwa na sauti ningesema mwenye baiskeli aendelee kutozwa 20 yake, lakini anaeuza taa ya namna hiyo kwa picha ya namna hiyo atozwe kwa kila moja aliyouza.

Na wanaotuleta pia. Wakenya wanakuja wengi sasa, nchi yao na Ujerumani walisaini makubaliano Septemba 2024, na sisi Watanzania tunakuja kidogokidogo. Tulivyofika tulipewa mafunzo ya siku tatu, tukafundishwa kutenganisha taka, ndoo ya njano ya nini na ndoo ya kahawia ya nini, kufungua akaunti benki, namna ya kuomba ruhusa ukiumwa. Vyote vizuri. Hakuna aliyesema neno moja kuhusu baiskeli wakati walijua wote tutaenda kazini kwa baiskeli saa kumi na moja alfajiri. Nusu saa ingetosha kabisa, mtu asimame mbele na baiskeli moja aoneshe, taa hii, rifrekta nyeupe mbele, nyekundu nyuma, za njano kwenye pedeli, na kwenye magurudumu mstari wa kung'aa au vile vibati vya njano viwiliviwili. Ukivuka kwenye mataa fuata taa ya baiskeli, kama hamna fuata ya magari na sio ya watembea kwa miguu. Kwisha.

Haya, taa.

Ya mbele ina luksi 50, luksi ndo kipimo cha ukali wa mwanga. Kisheria kima cha chini ni 10 kwahiyo ukiona dukani imeandikwa 15 au 20 sio kwamba haifai, inafaa kwa mjini kwenye taa za barabarani. Mi nilichukua 50 kwasababu Promenade na njia ya kwenda kazini kwetu kuna vipande hamna taa kabisa na Novemba majani yameanguka yameloana yanateleza kama maganda ya embe. Kwa 50 naona jani, naona shimo, naona mbwa asiyefungwa kamba, nikiwa mita za kutosha kushika breki taratibu. Mwanga umekatwa juu kama wa taa ya gari, yani unamwagika chini mbele yako haupandi kwenye macho ya anaekuja. Hiki ndo kitu kinachotofautisha taa yenye kibali na zile tochi za kufunga. Tochi ina mwanga mkali kuliko hii lakini inatawanya kila mahali, anaekuja mbele anapofuka. Sharti moja, uifunge imeinama kidogo. Fundi alinionesha, simama karibu na ukuta, mulika, halafu rudi nyuma hatua tano, ule mstari wa juu wa mwanga lazima uwe umeshuka chini kuliko ulivyokuwa. Kama umepanda unawachoma watu macho.

Chaji. Kwenye mwanga mkubwa inanipa kama masaa matatu na nusu, kwenye mdogo zaidi ya kumi. Safari yangu ni dakika ishirini na tano kwenda na hivyohivyo kurudi, kwahiyo naichaji Jumatano na Jumapili. Kuna kitaa kidogo juu yake kijani, kikiwa chekundu una kama nusu saa. Kwenye baridi kali chaji inapungua haraka, kulikuwa na wiki moja ya Januari nyuzi tisa chini ya sifuri, nikashangaa chekundu kimewaka Jumanne. Tangu hapo usiku siiachi kwenye baiskeli nje, inalala ndani na mimi.

Na hata ingekuwa hakuna baridi usiiache, itabanduliwa na wenye mikono miepesi. Maegesho ya stesheni baiskeli yako utaikuta, taa hutaikuta. Kubandua ni sekunde mbili kwa hiyo hamna kisingizio. Sheria tangu 2017 inakuruhusu mchana kweupe usiwe nazo kabisa, ila mi nakaa nazo mkobani maana huku ukungu unashuka saa sita mchana ukasema ni magharibi.

Mvua, haina shida. Imenyeshewa vipindi viwili na sijawahi kuikuta imeingia maji, kuna kifuniko cha mpira kwenye tundu la kuchajia, hakikisha umekibana mpaka kikae sawasawa. Imeanguka mara mbili kwenye mawe ya Prinzipalmarkt, ule mtaa wa mji wa zamani, ikachubuka pembeni, inawaka.

Glovu. Kitufe cha ya mbele kikubwa, unakibonyeza hata na glovu nene. Cha ya nyuma ni kidogo na kimezama, lazima uvue glovu, na saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi kuvua glovu ni adhabu. Hilo ni tatizo la kwanza.

La pili ni kimpira. Taa ya nyuma imefungwa kwa kimpira kinachozunguka bomba la siti na kujishika kwenye ndoano. Cha kwanza kilikatika mwezi wa nne, cha pili kikakatika baada ya mwaka, vyote palepale kwenye kona ya ndoano. Cha kwanza kilikatika naendesha, taa ikadondoka nyuma yangu na sikujua, nilifika kazini nikakuta hamna. Nilirudi kuitafuta baada ya zamu nikaikuta pembeni kwenye majani, bado inawaka. Taa haina kosa, kimpira ndo kibovu, na ukiangalia ukweli taa ya nyuma ndo inayokuokoa kwasababu wa mbele yako unamuona mwenyewe, wa nyuma ndo humuoni. Kitu kinachobeba uhai wa mtu kisishikwe na kimpira cha aina hii. Nimewaandikia watengenezaji nikawaambia hivyo, walijibu kwa adabu wakanitumia kimoja bure, ila muundo ni uleule.

La tatu sio kosa lao lakini lijue. Ukivaa koti refu au baibui na ukakaa kwenye siti, nguo inashuka inafunika taa. Mi nilikuwa naendesha wiki mbili nadhani ninaonekana kumbe nyuma yangu giza. Mwenzangu wa kazini ndo aliniambia, alikuwa nyuma yangu kwenye kipilefti akasema hakuniona mpaka nilivyopinda. Sasa nimeihamishia kwenye keria, kuna kibati cha kufungia kinauzwa pembeni, na koti nalikusanya nalikalia.

Kama bado hujanunua baiskeli na una uwezo wa kuongeza hela kidogo, tafuta yenye dainamo ya ndani ya gurudumu la mbele. Sio ile ya mjomba ya kusugua tairi, hii imo katikati ya gurudumu huisikii wala haikuongezei uzito wa kukusumbua, taa zimefungwa moja kwa moja, hakuna kuchaji, hakuna kusahau, hakuna wa kuiba. Mpaka 2013 dainamo ndo ilikuwa lazima huku, wakaja kuruhusu za betri. Lakini wengi wetu tunaanza na baiskeli ya yuro 80 na kwa baiskeli hiyo seti hii ndo jibu. Yuro 45 ni faini mbili za taa na chenji ya mkate.

Dukani usione aibu, igeuze, tafuta yale mawimbi na K na namba, kwenye taa yenyewe na sio kwenye boksi. Ya mbele iangalie, ya nyuma iangalie, kila moja na ya kwake. Mwambie akuwashie uone kama inatulia bila kupepesa. Uliza luksi.

Tangu nizifunge nimesimamishwa mara mbili kwenye ukaguzi. Mara ya kwanza yule yule polisi mama, sijui kama alinikumbuka, aliinama akamulika chini ya taa, akapitisha kidole kwenye ile K, akaniambia safari njema. Mara ya pili hawakunigusa hata, walinipungia mkono nipite.

Wiki ijayo anakuja binti mmoja kutoka Muheza, ataanza mafunzo hapahapa kwetu. Nimeshamnunulia seti yake, atanilipa akipata mshahara wa kwanza. Vimpira vya akiba vinauzwa dukani yuro 4 kimoja. Ukichukua taa chukua na viwili hapohapo, kimoja weka mkobani.